Esposito: kisa cha nasaba iliyofika kwenye gurudumu la Napoli

Maelezo ya awali

Kisa hiki ni cha familia moja ya pwani ya Kenya na jina la Kitaliano walilorithi kwa baba yao. Nakiandika kwa idhini yao. Majina ya watu nimeyaondoa, mji wao wa Campania, mkoa wa Italia ulioizunguka Napoli, siutaji, na miaka ya kuzaliwa ya wahusika nimeisogeza kidogo bila kuvuruga mpangilio wa vizazi. Mimi ni mkalimani. Naishi karibu na Napoli, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia watu kutafuta karatasi za wazee wao katika ofisi na hifadhi za huku. Nawaandikia wanaoanza kazi hii, kwa sababu mambo mawili niliyokosea hapa nimeona wengine wakiyakosea pia.

Swali lilivyoanza

Bi N. ni mwalimu. Mama yake ni Mswahili wa pwani. Baba yake alikuwa Mtaliano aliyekuja Kenya kikazi miaka ya 1970, akasilimu, akaoa, akazikwa huko huko. Aliwaachia watoto wake jina la Esposito, picha chache, na cheti kimoja cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nne. Kuhusu jamaa zake alisema kidogo sana. Alipobanwa alijibu tu kwamba Napoli wamejaa akina Esposito, ukipiga kelele sokoni watageuka mia.

Jibu hilo lilitosha kwa miaka mingi. Kisha mdogo wake Bi N. wa kiume akapeleka posa. Wazee wa upande wa binti hawakuwa na kinyongo, lakini waliuliza linaloulizwa daima: kijana huyu kwa babake ni mtu wa nani? Kijana akajibu kwa fahari kwamba wao ni wa ukoo mkubwa kuliko wote wa Napoli. Mzee mmoja akauliza tena, kwa upole: ukoo huo ulianza na nani?

Hapo ndipo Bi N. alipoanza kutafuta. Aliingia kwenye ramani za intaneti zinazoonyesha jina fulani limeenea wapi Italia, akakuta rangi imekoza Campania, hasa Napoli na miji inayouzunguka mlima Vesuvio. Akafurahi. Akapata pia muuzaji wa nembo za koo, akalipa, na baada ya mwezi akapokea kwa posta ngao ya rangi iliyowekwa kwenye fremu, pamoja na karatasi iliyosema ukoo wa Esposito ni wa kale na wa heshima. Ngao ile ilitundikwa sebuleni kabla sijawahi kuzungumza naye.

Aliponipigia simu alitaka kitu kimoja: jina la babu wa kwanza. “Kaka, nitafutie tu yule aliyeanzisha ukoo,” alisema. “Wazee wakishalisikia jina lake, basi.”

Jina lenyewe, na kwa nini limeenea hivyo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa chote kimelalia jambo hili.

Esposito ni miongoni mwa majina matano yaliyoenea zaidi Italia, pamoja na Rossi, Russo, Ferrari na Bianchi. Hayo mengine manne asili yake ni nyepesi. Rossi na Russo ni jambo moja kwa matamshi ya kaskazini na ya kusini, yaani mwekundu, mtu wa nywele au ndevu nyekundu. Bianchi ni mweupe. Ferrari ni mhunzi. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi na kila kijiji kilikuwa na mwenye ndevu nyekundu, kwa hiyo majina hayo yalizaliwa mara nyingi, mahali pengi, kwa watu wasiojuana.

Esposito nalo lilizaliwa mara nyingi, lakini kwa njia nyingine. Latokana na neno la Kilatini expositus, aliyewekwa nje. Ndilo jina walilopewa watoto walioachwa.

Napoli kuna nyumba ya kale iitwayo Santissima Annunziata, kwa heshima ya Kupashwa Habari Maria. Iliasisiwa karne ya 14, ikawa hospitali, kanisa na makao ya watoto. Ukutani upande wa barabara palikuwa na tundu, na ndani ya tundu palikuwa na pipa la mbao lililozunguka kwenye mhimili wake. Waliliita ruota, gurudumu. Mtu alimweka mtoto ndani, akalizungusha, mtoto akaingia upande wa pili bila aliyemleta kuonekana uso. Ndani kulikuwa na mtu wa zamu usiku na mchana. Mtoto aliogeshwa, akabatizwa, akaandikwa kitabuni, akavishwa shingoni uzi wenye lakiri ya risasi iliyochorwa Madonna, yaani Bikira Maria. Kuanzia hapo aliitwa mwana wa Madonna. Jina la ubatizo alipewa lake mwenyewe. La ukoo hakuwa nalo, kwa hiyo aliandikwa Esposito, kama aliyemtangulia na kama atakayemfuata.

Waliowaacha hawakuwa wote wasichana waliopata mimba nje ya ndoa. Aibu ilikuwapo, na ilikuwa kubwa, lakini njaa nayo ilikuwapo. Wenye ndoa pia walileta watoto: waliofiwa na mama, waliozaliwa mwaka wa ukame, waliozaliwa wakati tayari kuna wanne ndani na hakuna unga. Wengine waliacha alama, nusu ya picha takatifu, utepe, sarafu iliyokatwa, wakitumaini kurudi na nusu ya pili.

Kila mji mkubwa wa Italia ulikuwa na nyumba ya namna hii, na kila nyumba ilikuwa na desturi yake ya kutoa majina. Florence, ambako nyumba ya Innocenti ilifunguliwa mwaka 1445, watoto waliitwa Innocenti, wasio na hatia. Ndiyo asili ya Nocentini wengi wa Toscana. Milano waliitwa Colombo, kwa njiwa aliyekuwa alama ya hospitali iliyowapokea, mpaka desturi hiyo ikakomeshwa mwaka 1825. Roma waliitwa Proietti, waliotupwa. Bologna kuna Degli Esposti, Sicilia kuna Sposito na Trovato, yaani aliyeokotwa. Na kuna jina moja ambalo mimi siwezi kulisoma bila kutulia kidogo: Diotallevi, Mungu akulee.

Msomaji wa pwani ataona haraka kwamba na sisi tunao watu waitwao Tabu, Shida, Sikujua, waliopewa jina kwa hali waliyozaliwa nayo. Lakini kwetu jina hilo hukaa na mtu mmoja tu. Mwanawe atachukua jina la baba, mjukuu la babu, na kizazi cha tatu limeshasogea. Italia jina la ukoo hugandana. Mtoto aliyewekwa kwenye gurudumu usiku mmoja wa karne ya 18 ameacha hali ya usiku ule kwenye pasipoti ya kitukuu wa kitukuu wake.

Utawala wenyewe uliliona hilo. Enzi za Gioacchino Murat, Mfaransa aliyekuwa mfalme wa Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, ilikatazwa kuwapa watoto wapya jina la Esposito, kwa sababu lilimtangaza mtoto popote alipokwenda. Baada ya hapo kila mtoto alibuniwa jina tofauti. Gurudumu la Annunziata lenyewe lilifungwa mwaka 1875, na mwaka 1923 magurudumu yote yaliyobaki Italia yakapigwa marufuku. Hata sheria ya usajili ya mwaka 2000 inayotumika sasa inakataza mtoto asiyejulikana wazazi kupewa jina litakalobainisha asili yake.

Kwa hiyo rangi iliyokoza kwenye ramani ya Bi N. si alama ya ukoo mkubwa. Ni makumi ya maelfu ya watu wanaotoka kwa watoto wengi sana, kila mmoja mwanzo wake peke yake.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Haya yote niliyajua kabla Bi N. hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Sikumwambia. Nitalirudia.

Nilianza na cheti kile kilichokunjwa. Baba alizaliwa mwaka 1946 katika mji mmoja chini ya Vesuvio. Niliandika barua manispaa kwa niaba ya binti, nikapata nakala kamili yenye majina ya wazazi wake. Kutoka kwake nikampata babu, wa 1914, na ndoa yake. Kutoka kwenye ndoa hiyo nikajua baba wa babu alikuwa mtu wa 1884.

Hapo nikahamia kwenye picha za vitabu vya kale, ambazo dola ya Italia imeziweka bure kwenye tovuti iitwayo Antenati, wazee waliotangulia. Kwa Italia ya kusini hii ni hazina. Usajili wa serikali ulianza huko mwaka 1809 chini ya Wafaransa, na Wafaransa walipoondoka mfumo ukabaki, ilhali sehemu kubwa ya kaskazini ulirejea kwa uthabiti mwaka 1866 tu, baada ya nchi kuungana.

Nilifungua fahirisi ya miaka kumi, nikamwona mtu wangu: jina la kwanza ndilo, Esposito, 1884. Nikashika njia. Kwa wiki tatu nilipanda kutoka baba hadi baba, nikafika 1811, nikiwa na orodha nzuri ya wavuvi na mafundi seremala. Nilimtumia Bi N. mchoro. Akauchapisha.

Mchoro ule ulikuwa wa watu wengine.

Katika mji ule, mwaka ule mmoja, walizaliwa wavulana wawili wenye jina la kwanza moja na la ukoo moja. Penye mji uliojaa akina Esposito, na kila kizazi kikirudia jina la babu na la mtakatifu wa mtaa, hilo si ajabu hata kidogo. Fahirisi iliwaweka kwenye kurasa mbili, mimi nikachukua wa kwanza. Kilichonizindua ni pambizo. Kando ya kumbukumbu ya kuzaliwa, karani huongeza baadaye habari ya ndoa. Picha ya ukurasa huo ilikuwa na kivuli na sikujisumbua kuikuza. Nilipoikuza nilisoma kwamba mtu wangu alioa mwaka 1907, mji mwingine, mwanamke mwingine kabisa. Baba wa babu yake Bi N. alioa mwaka 1910, na jina la mkewe nilikuwa nalo mkononi muda wote huo.

Nilimpigia simu siku ile ile, nikamwambia nimemkosea na sababu yake. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ngao ya sebuleni nayo ni ya watu wengine.

Nikaanza upya na yule wa pili. Safari hii nilifuata wanawake. Italia mwanamke akiolewa hubaki kwenye kumbukumbu na jina la kwao, kwa hiyo palipo na akina Esposito ishirini wa jina moja, mke ndiye anayewatenganisha. Nikampata wa 1854 kwa mkewe. Nikampata wa 1826 kwa mkewe.

Ndoa ya huyo wa 1826, iliyofungwa mwaka 1851, ndiyo iliyofungua mlango. Katika ufalme wa Napoli, ambao wakati huo uliitwa wa Sicilia Mbili, ndoa haikuandikwa kwa ukurasa mmoja tu. Bwana harusi alileta bahasha ya viambatisho: cheti chake cha ubatizo au kuzaliwa, na kama baba amekufa, cheti cha kifo cha baba, na kwa kuwa baba akikosekana ridhaa ilipaswa kutoka kwa babu, alileta pia cheti cha kifo cha babu. Bahasha moja yaweza kukurusha vizazi viwili kwa mpigo, hadi kwa mtu aliyezaliwa kabla usajili haujaanza.

Baba wa bwana harusi alikufa mwaka 1838, cheti kilikuwamo. Nikageuza ukurasa kutafuta cha babu. Hakikuwapo. Badala yake palikuwa na karatasi fupi inayothibitisha kwamba marehemu baba alikuwa mtoto wa Nyumba Takatifu ya Annunziata, wazazi hawajulikani.

Nilikwisha kulitarajia, na bado mkono ulisimama juu ya kipanya.

Uamuzi niliouchelewesha

Ilikuwa siku kumi kabla ya wazee kukutana tena. Nilikuwa na njia tatu: kumwambia Bi N. mara moja, kumwambia baada ya posa kukamilika, au kusubiri mpaka niuone ukurasa wa Annunziata wenyewe, nimwambie nikiwa na habari kamili.

Nilichagua ya tatu, na nilijipa sababu ambazo zilionekana za kitaalamu. Nilikwisha kumpa mchoro wa uongo mara moja. Sikutaka kumpa habari nzito kwa karatasi moja. Lakini sababu ya kweli ilikuwa woga. Kwa Kiswahili cha kwetu, neno la mtu asiyejulikana babake ni tusi. Sikujua nitaanzaje kulisema kwa mwanamke anayejiandaa kukaa mbele ya wakwe.

Siku ya sita akanipigia yeye. Mwanafunzi wake, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa ametafuta maana ya Esposito kwenye simu, akaisoma darasani kwa sauti. Watoto wakacheka.

“Ulijua?” aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo, dada, nilijua.

“Tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza kuhusu jina. Tangu wiki iliyopita kuhusu mzee wenu.”

Hakupandisha sauti. Alisema angependa kuisikia kwangu kuliko kwa darasa, kisha akakata simu. Kwa siku mbili hakupokea.

Annunziata

Alipopokea, alisema anataka kuona mahali penyewe. Alikuwa na nauli aliyoiweka kwa jambo lingine. Mkutano wa wazee ukaahirishwa kwa mwezi mmoja, kwa ombi la mjomba wake, ambaye aliambiwa ukweli wote kwanza.

Annunziata iko mtaa wa Forcella, mtaa wa watu wa kawaida, pikipiki na nguo zilizoanikwa juu ya barabara. Tundu bado lipo ukutani, dogo kuliko mtu anavyolifikiria. Bi N. alilitazama kwa muda, akapima kwa mikono upana wake, kama mama anavyokadiria nguo ya mtoto.

Kwa miadi tulionyeshwa kitabu. Maandishi yalikuwa mistari michache: Novemba 1796, usiku, mtoto wa kiume wa kama siku mbili, amefungwa kwa kitambaa kikuukuu, hana alama yoyote. Jina alilobatizwa. Kisha, kwa mkono wa mwandishi mwingine na wino tofauti, kwamba amekabidhiwa kwa mwanamke fulani, mke wa fulani, wa mji ule ule chini ya Vesuvio, kumnyonyesha.

Mstari huo wa pili ndio uliotujibu swali ambalo hatukuwa tumeliuliza: kwa nini familia ilikuwa kule na si Napoli mjini. Nyumba kama hizi hazikuwa na maziwa ya kutosha. Katika nyumba nyingi, zaidi ya nusu ya watoto walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Walioweza kupelekwa vijijini kwa wanawake wenye maziwa, kwa malipo madogo ya kila mwezi, walikuwa na nafasi nzuri zaidi, na baadhi yao hawakurudi kamwe. Walikulia pale, wakafunzwa kazi ya baba mlezi, wakaoa jirani. Jina la Esposito lilienea Campania yote hivyo, kwa migongo ya wanyonyeshaji waliorudi kijijini na mtoto.

Nilipomtafsiria, Bi N. aliniomba nilisome tena jina la mwanamke huyo. Nikalisoma. Akaliandika kwenye kiganja, daftari lake likiwa limeachwa mapokezi.

Matokeo

Ngao ilishushwa sebuleni. Pesa hazikurudi. Karatasi iliyokuja nayo haikuwa na thamani tangu mwanzo: nembo ilikuwa mali ya familia moja mahususi, haikuwa ya kila mwenye jina, na Katiba ya Italia iliyoanza kutumika mwaka 1948 haitambui vyeo vya kikabaila hata kwa wale waliokuwa navyo kweli.

Wazee walipokutana, mjomba ndiye aliyesema. Alitaja vizazi saba, kutoka kwa kijana hadi kwa mtoto wa 1796, jina kwa jina, kila mmoja na mkewe, na kazi zao: mchongaji mawe, muuza mboga, mfumaji wa kamba. Kisha akasema kwamba wa kwanza aliachwa akiwa na siku mbili, waliomzaa hawajulikani, aliyemnyonyesha anajulikana. Mzee yule aliyeuliza mwanzo akataka kusikia jina la mnyonyeshaji. Alipotajiwa, akasema, basi ana mama.

Posa ilikubaliwa. Sidai kwamba karatasi zangu ndizo zilizofanya hivyo. Binti na kijana walikuwa wanapendana na familia zilikwisha kuheshimiana.

Uchambuzi

Nianze na lililofaa zaidi, kufuata wake badala ya waume. Mwenye jina lililoenea kama Esposito, Russo au Rossi hawezi kutambuliwa kwa jina lake peke yake. Sasa siandiki mtu yeyote kwenye mchoro mpaka niwe na vitu vitatu vinavyokubaliana: jina la mke, kazi au mtaa, na pambizo iliyosomwa yote hata kama picha ni mbovu. Ningefanya hivyo mwanzoni, wiki tatu zisingepotea, na Bi N. asingechapisha mababu wa watu.

Bahasha za ndoa za ufalme wa Napoli nazo zinastahili kutazamwa kwanza na si mwisho. Wengi hupanda kwa vyeti vya kuzaliwa, kimoja kimoja, kwa sababu ndivyo tunavyofikiri nasaba: mtoto, baba, babu. Viambatisho vya ndoa vimekusanya tayari watu watatu kwa matakwa ya sheria ya wakati ule. Hata pale ambapo karatasi ya babu haipo, kutokuwapo kwake kunaeleza jambo, mradi usome kilichowekwa mahali pake.

Ramani haikudanganya, sisi ndio tuliiuliza swali isilolijua. Inaonyesha jina liko wapi leo, haionyeshi damu. Wanaume wawili wa Esposito wa mtaa mmoja wakipimwa vinasaba vya upande wa baba, hakuna sababu ya kutarajia wafanane zaidi ya Wanapoli wawili wowote. Na kuna upande wa pili ambao husahaulika: waliopokelewa baada ya enzi za Murat walipewa majina ya kubuni yasiyoeleza kitu. Familia nyingi za Campania zenye majina yasiyo na doa lolote zimetoka kwenye tundu lile lile, na hazijui. Anayemcheka Esposito huenda anamcheka ndugu.

Pia si kila Esposito ametoka Annunziata. Miji mingine ya ufalme ilikuwa na magurudumu yake, na watoto wengine waliokotwa mlangoni mwa kanisa au kizingitini kwa mkunga. Nilikuwa na karatasi iliyoitaja Annunziata waziwazi. Bila hiyo nisingekuwa na haki ya kumpeleka Bi N. Forcella na kumwambia hapa ndipo.

Kosa langu kubwa halikuwa la 1884. Lile lilirekebishika kwa simu moja. Kosa kubwa lilikuwa kunyamaza kuhusu maana ya jina siku ya kwanza, wakati lilikuwa jambo la historia tu, kabla halijawa jambo la babu yake. Kulisema wakati ule kungekuwa rahisi: dada, jina hili kwa kawaida ni la watoto walioachwa, tukitafuta huenda tukafika huko, bado unataka? Angechagua mwenyewe kuendelea au kuacha, na angekuwa na muda wa kujiandaa kabla mtoto wa darasani hajashika simu. Sasa swali hilo naliuliza kabla ya kupokea kazi, kwa Esposito, kwa Colombo, kwa Proietti, kwa Innocenti. Wawili wameacha. Wengine wote wameendelea.

Nilidhani pia kwamba wazee ndio watakaolipokea vibaya. Niliwapima kwa tusi nililolijua mimi, nikasahau walichokijua wao. Mila na sheria yao inamtambua mama wa kunyonya kuwa mama: watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Karani wa Annunziata aliandika jina la mnyonyeshaji kwa sababu ya hesabu za malipo. Programu ninayochorea nasaba ina nafasi ya baba, mama, mume na mke, na haina nafasi yake. Waliolijua thamani yake bila kuelezwa walikuwa watu waliokaa kwenye mkeka pwani ya Kenya, miaka zaidi ya mia mbili baadaye.

Bi N. aliniomba nimtafutie nafasi kwenye mchoro. Nimemwandika pembeni ya mtoto wa 1796, nikawaunganisha kwa mstari wa nukta. Yeye alipochapisha nakala ya sebuleni, nukta alizijaza kwa kalamu.